Vipindi Kumi na Viwili na Mayai Tisini na Tisa

Alhamisi, 10 Julai

Mvua tangu alfajiri. Bunchuai amerudi kutoka hekaluni alikopeleka mshumaa wa msimu wa Phansa, matope mpaka magotini. Akasimama mlangoni hajavua hata koti la mvua, akasema, "Mwalimu, twende ofisi ya wilaya tukaandikishe ndoa."

Nilikuwa namenya vitunguu. Nikajifanya sikusikia. Akarudia. Katika miaka ishirini na tisa niliyoishi na mtu huyu sikumbuki siku aliyorudia neno.

Sheria inaruhusu tangu Januari. Wanaume wawili, wanawake wawili, wote wanaandikishwa kama watu wengine, na hapa Lampang wapo walioshakwenda wakapiga picha na vyeti vyao. Msoma magazeti wa nyumba hii ni mimi, kwa hiyo siwezi kusingizia kutojua. Nikawasingizia wazee na miiko yao.

"Kesho Phansa inaanza," nikamwambia. "Watawa wanajifungia hekaluni miezi mitatu mizima. Tangu lini watu wanaoana ndani ya Phansa? Unatafuta mikosi?"

"Basi ikiisha."

"Ikiisha tutaona."

Akavua koti, akalitundika, akakaa kula. Nimepewa miezi mitatu na sijui nitaifanyia nini.

Ijumaa, 11 Julai

Mtaa mzima unaweka nadhiri za Phansa. Bunchuai ameacha pombe mpaka tarehe saba Oktoba. Bi Lamyai, jirani yetu muuza tambi, ameacha bahati nasibu. Mimi nimeacha kejeli.

Jumapili, 13 Julai

Kejeli zimerudi. Bi Lamyai amepaka nywele rangi ya karoti, na mimi ni binadamu.

Ijumaa, 18 Julai

Leo imeanza tamthilia mpya, Buluu Isiyotoka. Vipindi kumi na viwili, kila Ijumaa saa mbili na nusu. Nimehesabu kwenye kalenda: cha mwisho ni tarehe tatu Oktoba, siku nne kabla ya Phansa kuisha. Angalau nina shughuli msimu mzima.

Niandike hapa, kwa kuwa daftari halina mdomo. Tangu nistaafu kufundisha lugha pale sekondari, nina ukurasa mtandaoni wa maoni juu ya tamthilia za wavulana wapendanao. Huko naitwa Shangazi Miwani. Nina wafuasi elfu kumi na nne, wengi wasichana na mama zao, na wote wanaamini mimi ni mjane mwenye paka. Sikuwaambia hivyo. Waliamua wenyewe, na mimi niliyesahihisha watu miaka thelathini na mitano sikuwasahihisha. Bunchuai akiniona nimeinamia simu anadhani nasoma habari. Mfuasi wangu wa kwanza kabisa anajiita Bisibisi. Kila nikiandika, yeye ndiye wa mwanzo kuweka alama ya moyo, na hajawahi kuandika hata neno moja. Nadhani ni mwanafunzi wa uhandisi. Katika tamthilia hizi kila mtu ni mwanafunzi wa uhandisi, kwa nini na watazamaji wasiwe.

Sasa kipindi chenyewe. Khram ni kijana wa nyumba inayotia nguo rangi ya buluu inayotolewa kwenye majani, huko Isan, kaskazini-mashariki. Phet ni mhandisi wa maji kutoka Bangkok. Dakika ya sita Khram akateleza, Phet akamdaka, wakatazamana. Wakatazamana kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, kisha kutoka juu, na majani yakaanguka. Ungeweza kubandika wali ukaiva.

Ijumaa zote Bunchuai huwa kwa mafundi wenzake, chupa katikati. Leo hana pombe, hana pa kwenda, akakaa mkekani kando yangu na feni ya mteja mapajani.

"Mbona hamsimamishi?" akauliza. "Mgongo utamuuma yule."

Hayo ndiyo maoni ya kwanza ya maana aliyowahi kutoa juu ya sanaa.

Ijumaa, 25 Julai

Kipindi cha pili. Phet alipika tambi za pakiti, kisha akaigeuza pakiti ili tuisome vizuri. Wakala. Wakatazamana. Hawakuosha bakuli. Nimetazama tamthilia hizi tangu zilipoanza, na sijaona mvulana mmoja akiosha chombo. Nimeandika aya nne juu ya jambo hili. Bisibisi kaweka moyo.

Ijumaa, 1 Agosti

Kipindi cha tatu, na ule msemo nisioupenda kuliko yote umetoka. Khram kamwambia rafiki yake, "Mimi sipendi wanaume. Nampenda Phet tu." Waandishi wameutumia mpaka umechakaa kama kitambaa cha jikoni, na kila mara muziki unapanda kana kwamba tumeambiwa jambo la heshima.

Bunchuai alikuwa akifunga skrubu. Akasema bila kuinua kichwa, "Mimi napenda wanaume, na bado nakupenda wewe. Ugumu uko wapi?"

Nilikwenda kuchemsha maji ya chai ambayo hakuna aliyeyaomba.

Jumatano, 6 Agosti

Mvua. Feni tatu na jiko la wali moja vimeletwa vitengenezwe. Lamyai, tunda alilopewa jina jirani yetu, limejaa sokoni hata bei imeanguka, na Bi Lamyai amekasirika kana kwamba ni yeye aliyeshuka thamani.

Ijumaa, 8 Agosti

Kipindi cha nne. Phet amemwuliza Khram waziwazi: "Utaishi nami?" Khram akatazama mapipa ya rangi. Kipindi kikaisha.

Bunchuai akasema, "Haya," akaenda kulala.

Jumanne, 12 Agosti

Siku ya Akina Mama. Mama hatuna tena, basi nimempigia dada yangu mkubwa Chiang Rai. Tukaongea juu ya magoti yake. Mwisho akauliza, "Na mwenye nyumba wako hajambo?" Nikasema hajambo. Bunchuai alikuwa mezani akinimenyea machungwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Cha tano. Khram hajajibu. Badala yake tumeonyeshwa safari ya baharini, ambayo ipo katika kila tamthilia hata wahusika wakiishi mlimani.

Alhamisi, 21 Agosti

Mvua haikatiki, mto Wang umepanda ngazi mbili. Nimetumia siku kutazama za wenzetu ili nipate cha kulinganisha. Za Kijapani ni fupi na zina ukimya mzuri. Kijana anaweza kupenda vipindi vitatu kwa kukata kitunguu peke yake, na wanakula vizuri kweli. Za Kikorea zinaisha chai haijapoa. Za Taiwani ndizo ninazoziamini, kwa sababu mama wa kijana akijua analia mara moja, kisha anauliza mgeni anakula nini. Zetu ndefu, zimejaa mafuta ya uso na wivu na kuanguka, na katika zote sijaona wapenzi waliovuka miaka thelathini. Nimeandika hivi: "Wapenzi wangu, hawa wavulana wakizeeka wanapelekwa wapi?"

Wafuasi wamecheka. Msichana mmoja ameuliza, "Shangazi, kwani wapo wazee wa namna hiyo?"

Nimeliangalia swali hilo mpaka simu ikazima kioo chake.

Ijumaa, 22 Agosti

Cha sita. Homa. Kila tamthilia lazima mmoja apate homa ili mwingine amfute kwa kitambaa chenye maji. Khram hajajibu. Bunchuai sasa anaketi mkekani robo saa kabla, amekwisha oga, na Bi Lamyai akipita akimwita anamnyamazisha kwa mkono.

Ijumaa, 29 Agosti

Cha saba. Mchumba wa zamani wa Phet amefika na kisketi na ubaya. Namsikitikia dada huyo. Hajafanya lolote ila kuandikwa na mtu mvivu.

Ijumaa, 5 Septemba

Cha nane ni cha hospitali, kama nilivyotabiri ukurasani mwezi mzima uliopita. Phet kagongwa na pikipiki, Khram kakimbia koridoni machozi yakimtoka bila kamasi. Muuguzi kamwuliza, "Wewe ni nani wa mgonjwa?" Khram akafumbua mdomo, akaufumba.

Nimecheka sana ukurasani. Nimeandika kwamba hospitali ya tamthilia ni mahali pa kwenda mwandishi anapoishiwa.

Jumanne, 9 Septemba

Siku ya nne ya mvua mfululizo. Mfereji wa paa umeziba, maji yakawa yanaingia juu ya meza ya kazi ya Bunchuai, akapanda kuuzibua. Nilikuwa chini nimeshika ngazi nikimpigia kelele kwamba ana miaka sitini na miwili. Akanijibu, "Na wewe una sitini na mmoja na unaongea kuliko mvua." Kisha mguu ukateleza kwenye bati.

Nilinyoosha mikono. Nilikuwa pale pale, chini yake, na nikakosa kumdaka. Akaanguka juu ya vyungu vya maua, na sauti ya kifundo cha mguu wake ninayo masikioni mpaka sasa.

Bi Lamyai alifunga biashara, sufuria ikiwa motoni, akatupeleka hospitali kwa gari lake la kubebea tambi. Hospitalini walimpokea vizuri na upesi. Karani wa mapokezi, msichana mwenye sauti ya upole, akashika kalamu: "Mjomba, wewe ni nani wa mgonjwa?"

"Mpangaji wake," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Sikulifikiria. Nimelisema neno hilo kwa wakuu wa shule watano, kwa watu wa sensa, kwa dada yangu, na kwenye kitabu cha nyumba, kile cha serikali, ndivyo tulivyo: Bunchuai mwenye nyumba, mimi mkazi. Ulimi umelizoea kama mguu unavyozoea ngazi ya kwao gizani.

"Kuna ndugu tunayeweza kumwandika?"

Nikampa jina la mdogo wake aliyeko Phrae, ambaye hatujamwona tangu mazishi ya mama yao.

Bunchuai alikuwa juu ya kitanda cha magurudumu, hatua mbili kutoka nilipo. Alikuwa akitazama dari. Nilimwita, akasema, "Nasikia, Mwalimu." Basi.

Mfupa umevunjika mahali pamoja. Amefungwa plasta, arudi tarehe sita Oktoba.

Jumatano, 10 Septemba

Hasemi nami ila "asante" na "nipishe".

Alhamisi, 11 Septemba

Asante. Nipishe.

Ijumaa, 12 Septemba

Cha tisa. Ametazama, mguu juu ya kigoda, hakutoa maoni hata moja. Khram hajajibu. Phet amebeba begi lake.

Nimepika mimi wiki hii yote, nimeosha vyombo mimi. Wali wangu wa kunata umegoma kunata.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimemwandika Khram vibaya. Nilikuwa na hasira na nadhani nilijua ya nani. Haya ndiyo maneno, nayanakili kwa sababu yamesambaa kuliko yote niliyowahi kuandika: "Wapenzi wangu, Shangazi amechoka. Phet aliuliza katika kipindi cha nne, leo ni cha tisa. Anayemning'iniza mwenzake hivyo msimwite mwenye haya. Ni mwoga, na bili ya woga wake anamwachia mwingine."

Moyo wa Bisibisi ulichelewa. Ulikuja baada ya saa tatu nzima.

Jumapili, 14 Septemba

Asubuhi, mvua nyepesi. Niliweka uji mbele yake. Akaupuliza, akaonja, kisha akasema polepole, kama mtoto anayesomeshwa shairi: "Ni mwoga, na bili ya woga wake anamwachia mwingine."

Niseme ukweli, kilichonijia kwanza kilikuwa hasira.

"Umesoma simu yangu!"

"Simu yako sijaigusa. Ukurasa uko wazi, Mwalimu. Watu elfu kumi na nne wanausoma, mimi nikatazwe kwa nini?"

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Mimi ni Bisibisi."

Nilikaa. Kiti kilikuwepo, kwa bahati.

"Ulijuaje ni mimi?"

"Nani mwingine nchi hii anayelala macho kwa sababu wavulana wa kwenye televisheni hawajaosha vyombo?" Akasukuma bakuli la uji kando. "Huwahurumii wale watoto. Kila wiki unawachapa. Sawa, wanastahili. Lakini nihesabie wewe, mwenye hesabu. Kutoka cha nne mpaka cha tisa ni wiki ngapi?"

"Tano."

"Mimi nina wiki tisa. Na juu yake nina 'mpangaji'."

Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kufanya, maana kelele nilizituliza darasani maisha yangu yote. Nikamwambia nisichowahi kumwambia. Kwamba mwaka nilipoanza kazi pale shuleni mwalimu wa michezo alihamishwa mpakani kwa maneno ya watu tu, na siku anaondoka hakuna mwalimu aliyetoka ofisini kumuaga, na mimi nilikuwa mmoja wa waliobaki ndani. Kwamba ofisi ya wilaya yote nimeifundisha mimi. Yule Orathai wa usajili alikaa dawati la mbele, na mwandiko wake wa mviringo ninaukumbuka. Miaka thelathini na mitano nilisimama mbele yao nikiwasahihisha. Sasa niende nikawape karatasi wanisome wao?

Bunchuai alinisikiliza mpaka mwisho. Machozi yalinitoka, pamoja na kamasi.

"Nimekuelewa," akasema. "Nilikuuliza mara mbili siku moja, na sitauliza tena. Sitaki kukusukuma kama mkokoteni. Ila usiniite mwenye nyumba mbele ya watu. Hilo sitaki tena."

"Sitakuita."

"Haya. Uji wako hauna chumvi."

Ijumaa, 19 Septemba

Cha kumi. Khram amekwenda stesheni ya basi, amechelewa, basi limeondoka. Nimeandika mistari mitatu tu, ya upole. Wafuasi wanauliza kama Shangazi anaumwa.

Bisibisi kaweka moyo akiwa mkekani kando yangu. Niliisikia simu yake ikilia "tik".

Jumamosi, 20 Septemba

Mtandaoni wanavumisha kwamba Phet atakufa maji mtoni kipindi cha mwisho. Bunchuai hajala chakula cha mchana. "Wakimuua," akasema, "naiuza televisheni."

"Si ya kuuza, ulinipa mimi."

"Naiuza hivyo hivyo."

Jumanne, 23 Septemba

Bi Lamyai amekuja na tambi, na nywele sasa ni nyeusi. Akainama karibu yangu kama jasusi.

"Mwalimu, unajua nimempeleka wapi Kaka Bunchuai leo asubuhi? Kwenye madhabahu ya Nguzo ya Mji, anapokaa mlinzi wa mji. Na magongo yake! Kapiga magoti na plasta ile, nikamwambia utavunja na wa pili. Kaweka nadhiri. Mayai tisini na tisa ya kuchemsha, akijibiwa."

"Kaomba nini?"

"We, nadhiri inasemwa kabla haijajibiwa? Mimi nilisimama mbali nikanunua bahati nasibu."

"Si uliacha?"

"Niliacha wiki mbili. Mungu anajua nilijaribu."

Nimecheka peke yangu jioni yote. Mtu mzima, fundi, amevuka mji na magongo kumwomba mlinzi wa mji amwokoe mhandisi wa kwenye tamthilia ambayo ilipigwa picha mwaka jana na ikaisha! Hata mlinzi wa mji hawezi kurudisha kamera nyuma. Nampenda mtu huyu kiasi cha kunitia kichefuchefu.

Nilipomsindikiza Bi Lamyai mlangoni nilimwuliza, kama mzaha, watu wa mtaa wanatuonaje. Akanitazama kana kwamba nimemwuliza mvua ina rangi gani. "Mwalimu, mtaa huu unajua tangu mwaka ule mlipoleta kitanda kipya kwenye gari la wazi. Kilikuwa kimoja."

Ijumaa, 26 Septemba

Cha kumi na moja. Kuachana kwa kutoelewana, kama desturi. Mvua imepungua, asubuhi kuna ubaridi kidogo.

Ijumaa, 3 Oktoba

Cha mwisho. Bi Lamyai alihamia kwetu na kigoda chake na soseji za kuchoma. Mto ulionekana dakika ya ishirini, na Bunchuai akanishika mkono mbele ya Bi Lamyai, nami nikauacha ushikwe.

Phet hakuzama. Khram alimfuata mpaka kazini kwake Bangkok, mikono ya buluu mpaka viwikoni kwa kuwa alitoka kwenye mapipa bila kunawa, akasema: "Uliniuliza kama nitaishi nawe. Ndiyo. Samahani nimekawia." Hakuna jani lililoanguka. Kisha, na hapa niliinuka kabisa kutoka mkekani, tukaonyeshwa jiko dogo, jioni, na wale wawili wameinamia beseni. Wanaosha vyombo!

"Wamekusikia," akasema Bunchuai, macho mekundu.

Ni tamthilia nzuri. Nimeandika hivyo na sikuongeza neno.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nadhiri iliyojibiwa hailazwi. Nimeamka kabla yake, nikanunua mayai sokoni, nikachemsha kwenye sufuria kubwa ya Bi Lamyai, mafungu manne, nikayapanga kwenye sinia mbili kama piramidi. Tisini na tisa. Nilitaka afurahi. Nilikuwa najiona mtu mwema sana.

"Amka Kaka, tukalipe. Phet yuko hai."

Akaja kwa magongo, akayatazama mayai kwa muda mrefu.

"Ni mazuri," akasema. "Lakini hayaendi."

"Hayaendi vipi? Ulimwahidi tisini na tisa."

"Nilimwahidi. Lakini sikumwomba habari za Phet. Mwalimu, mimi fundi. Najua kitu kilichokwisha rekodiwa hakibadiliki." Akachukua yai moja, akalivunja kwenye ukingo wa meza. "Nililoomba bado halijajibiwa."

Akaanza kumenya. Sikuuliza aliomba nini.

Jumapili, 5 Oktoba

Mayai asubuhi, mayai mchana. Tumempa Bi Lamyai thelathini, amewauzia watu na tambi. Sikulala vizuri, na si kwa sababu ya mayai.

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku ya kutoa plasta. Nimeandika kesho ndiyo mwisho wa Phansa kwenye kalenda, kana kwamba ningesahau.

Karani yuleyule, sauti ileile ya upole. Bunchuai alikuwa kwenye kiti cha magurudumu kando yangu, akisoma tangazo la mbu ukutani.

"Wewe ni nani wa mgonjwa?"

Nyuma yangu foleni ya watu saba. Wawili niliwafundisha, mmoja alikuwa amekwisha niamkia kwa kuunganisha viganja. Neno la zamani lilikuja mpaka menoni. Nikalimeza, na lilipita kwa shida kama kiini cha yai kikavu.

"Mume wake," nikasema. Halafu, kwa kuwa mimi ni mwalimu na sipendi kosa kwenye fomu: "Yaani, kuanzia keshokutwa."

Karani akaandika. Hakuinua hata macho. "Namba ya simu?" akauliza.

Miaka ishirini na tisa nimeyaogopa macho hayo, na hayakuinuka.

Bunchuai aliendelea kusoma tangazo la mbu. Alilisoma muda mrefu kuliko linavyostahili. Kisha akasema, "Mwalimu."

"Naam."

"Kanunue mayai."

Jumanne, 7 Oktoba

Phansa imeisha. Mvua haikunyesha. Hekaluni watu wengi, wali, vigelegele. Nimempigia dada yangu nikamwambia. Akasema, "Basi niambie anakula nini, nikija nisije mikono mitupu."

Jumatano, 8 Oktoba

Orathai alitukalisha kwenye viti vya mbele ya meza yake. Mashahidi wetu walikuwa Bi Lamyai, amevaa hariri, na fundi mmoja mlevi wa Ijumaa, hajaonja hata tone kwa heshima ya siku. Nilijaza fomu kwa mwandiko niliowafundisha. Orathai akaipitia mstari kwa mstari, kidole kikifuata, na mimi nimekaa mikono mapajani kama mwanafunzi.

"Hakuna kosa, Mwalimu," akasema, akagonga muhuri. Kisha akainuka na kuunganisha viganja, akatuinamia wote wawili, Bunchuai kwanza, mimi baadaye.

Tukaenda madhabahuni na sinia zetu mbili. Bunchuai alipiga magoti taratibu, akamwambia mlinzi wa mji kwa sauti ya kawaida, kama anayemrudishia mteja feni yake: "Tayari. Asante." Tukangoja ubani uishe, tukarudi na mayai nyumbani, maana yakishapokewa yanaliwa.

Nimeandika ukurasani, mara ya kwanza bila kuisema tamthilia yoyote: "Yule msichana aliyeuliza kama wapo wazee wa namna hii. Wapo. Shangazi si shangazi, ni mjomba, na si mjane. Leo ameoa na ameolewa. Mumewe anaitwa Bunchuai, na nyumba hii vyombo vinaoshwa."

Mioyo imemiminika mpaka simu ikapata moto. Moyo wa kwanza ulikuwa wa Bisibisi, kama kawaida. Na chini yake, kwa mara ya kwanza tangu nimjue mfuasi huyo, kulikuwa na maneno:

"Leo zamu yako."